Kukagua draiva ya sev-guest ya Linux hatua kwa hatua

Haya jamaa zangu wa Chake na Wete, mnaoniuliza draiva za mashine pepe zenye memori iliofichwa zinakaguliwa vipi, leo tushike sev-guest, draiva ambayo mashine pepe (gesti) inaitumia kuongea na prosesa ya usalama ya AMD, imeingia Linux 5.19 mwaka 2022, faili zikawekwa drivers/virt/coco.

Hatua ya 1: jua adui nani. Kawaida unaishuku programu ya mtumiaji, hapa wa kumshuku zaidi ni hosti, yaani seva inayoiendesha gesti, maana SEV-SNP, teknolojia ya AMD ya kuficha memori, imetengenezwa ili hata mwenye seva asione memori ya gesti.

Hatua ya 2: tafuta bafa za pamoja, yaani sehemu za memori ambazo gesti na hosti wote wanazifikia. Draiva inaongea na prosesa ya usalama ya AMD kwa kupitia hosti, kwa hio kuna kurasa zisofichwa ambazo hosti anaziandika saa yoyote anayotaka. Ukiona msimbo unakagua hedari (maelezo ya mwanzo wa ujumbe) mule mule kwenye kurasa hizo kisha unarudi kuisoma tena, simamisha pachi (mabadiliko ya msimbo unayoyakagua). Ni kama kupima karafuu, umeshasoma mizani, ukiinama kuandika mwenye gunia kashalibadilisha. Jibu lote linakiliwa kwanza memori ya siri, ndo likaguliwe na kufunguliwa.

Hatua ya 3, hapa usikimbie. Ujumbe unafungwa kwa AES-GCM, njia ya kusimba data, na IV yake (thamani ya kuanzia kusimba, haifai kurudiwa kwa ufunguo mmoja) inatokana na namba ya mfuatano, ombi lina yake na jibu lina yake, ndo maana kaunta inapanda mbili mbili. Sasa hosti akirudisha eror, gesti haijui kama prosesa imeshaupokea ujumbe au bado, na ikituma ujumbe mwengine kwa namba ile ile na ufunguo ule ule basi usalama wa GCM umekwisha. Kwa hio ama irudie ujumbe huo huo bila kugusa hata baiti moja, ama ifute huo ufunguo wa kufungia ujumbe, unaoitwa VMPCK, usitumike tena. Fuata kila `goto` na kila `return` ya mapema, yaani pale msimbo unaporuka au kutoka kabla ya mwisho, wallahi ndo zinapojificha hitilafu hizo.

Hatua ya 4: `set_memory_encrypted()`, ya kuurudisha ukurasa wa pamoja uwe wa siri, ikifeli, hosti huenda bado anaufikia, kwa hio ukurasa usirudishwe kwa kerneli (kiini cha Linux), uachwe upotee. Kuna watu watalalamika memori inavuja, waambie hapa kuvuja ndo sawa.

Hatua ya 5: data za mtumiaji. Angalia `copy_from_user()`, inayonakili data kutoka programu ya mtumiaji, na urefu wa bafa ya vyeti, basi.

Hatua ya 6: andika komenti. "Hii si salama" haimsaidii mtu, taja mstari, hosti anafanya nini, gesti inaharibika vipi. Na kama umeijaribu tu hujaisoma yote, toa Tested-by (nimeijaribu), Reviewed-by (nimeikagua) waachie walioisoma.