Somo: Kufungua na kufunga bekho kwenye trekta ndogo

Ndugu zangu, kabla mvua za Machi hazijaanza wengi wetu tunachimba mifereji na mabwawa ya samaki, halafu mvua ikinyesha tunataka trekta irudi kulima. Bekho, yaani mkono wa kuchimba unaofungwa nyuma ya trekta, inafunguliwa haraka haraka na kuachwa popote. Siku ya kuirudisha, wanaume wanne wanaisukuma kwa mitaimbo. Bekho haisukumwi! Nyingi za trekta ndogo zina kilo 300 hadi 600, na haidroliki yake, yaani nguvu ya oili yenye presha, ndiyo inayopaswa kuinua, si migongo yenu.

Naanza na kufungua, maana shida nyingi za kufunga huzaliwa siku ya kufungua.

KUFUNGUA

1. Chagua mahali. Sakafu ya zege ni bora zaidi. Kama una murram tu, tafuta palipo sawa na pagumu, kisha weka mbao nene chini ya miguu yote miwili ya bekho na chini ya baketi. Udongo wetu mwekundu ukilowa, mguu mmoja huzama, fremu hulala upande, na matundu ya pini hayataonana tena hata ufanyeje. Penye kivuli ni pazuri zaidi.

2. Shusha loda (baketi ya mbele ya trekta) mpaka chini, vuta breki ya mkono, weka gia frii, weka kabari kwenye magurudumu. Watoto waondoke kabisa.

3. Kaa kwenye kiti cha bekho. Shusha miguu iguse mbao, laza baketi chini, halafu inua kidogo kidogo mpaka uzito utoke kwenye pini. Zima injini, shuka, toa pini. Pini iliyo huru hutoka kwa vidole. Ikidai nyundo, jua uzito bado umeilalia: rudi kitini, sogeza mguu kwa upana wa kidole, ujaribu tena. Hatua hii ndiyo ya kuipa muda kuliko zote. Ukigonga, mdomo wa pini unapanuka, na safari ijayo haitaingia.

4. Washa injini, mwendo wa chini kabisa. Ukitumia mkono na miguu ya bekho, itoe fremu kwenye kulabu zake. Mpangilio wa kulabu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo fuata kitabu cha mashine yako.

5. Zima injini. Sukuma kila liva pande zote mara kadhaa ili presha ishuke. Futa vumbi kwenye kapla, yaani viungio vya mipira ya oili, ndipo uchomoe mipira na kuifunika vifuniko. Vumbi la murram likiingia kwenye oili hukwaruza vali na pampu.

6. Unganisha kapla mbili za trekta, yenyewe kwa yenyewe, au kwa mpira mfupi uliokuja na mashine. Usiwashe kabla ya hapo. Kwenye trekta nyingi ndogo oili huzunguka muda wote injini ikiwaka, na ikikosa njia ya kurudi, pampu inasukuma ukuta.

7. Nenda mbele polepole, ukiwa umenyooka. Baada ya hatua moja simama, shuka, hakikisha hakuna mpira ulionasa.

KUFUNGA

Ondoa mikono ya lifti ya nyuma (inayobeba jembe) na shafti ya PTO (inayopeleka nguvu ya injini kwa mashine za nyuma), maana fremu inapita hapo hapo. Safisha kulabu na pini, pake girisi. Rudi nyuma ukiwa umenyooka mpaka fremu ikaribie kulabu, zima, kisha tenganisha ule muunganisho wa hatua ya 6 na uchomeke mipira ya bekho. Weka alama ya rangi kwenye kila mpira na kapla yake. Inaondoa ubishi wote. Washa, kaa kwenye kiti cha bekho, na kwa miguu na mkono wake ipandishe kwenye kulabu mpaka matundu ya pini yaonane. Zima, tia pini, tia na vibanio vyake. Jaribu kila liva taratibu, kisha pima oili.

Pini ikipotea, usiweke kipande cha nondo. Nondo hupinda ndani ya tundu, na kuitoa utahitaji moto. Peleka iliyobaki kwa fundi wa kerezo, mwambie unataka chuma kigumu cha kipimo kile kile.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Masindi: Mwalimu, nimefungua bekho jana. Leo trekta inapiga kelele ya kuzomea, na lifti ya nyuma haipandi.*

Zima sasa hivi, ndugu yangu. Hatua ya 6 imerukwa, au kapla haijaingia mpaka mwisho. Sukuma mpaka isikike "tak".

*Mwanachama, Mbarara: Nimepata bekho ya mtumba inayoshikwa na lifti ya nyuma tu, bila fremu. Ninunue?*

Mimi nakataa. Baketi ikinasa kwenye mwamba, nguvu yote inarudi kwenye lifti, na bekho inaweza kujikunja kuelekea kwa dereva. Nguvu hiyo pia inaweza kupasua kasha la nyuma la trekta. Tafuta yenye fremu.

*Mwanachama, Luweero: Mipira imekataa kuingia, na bekho ilikaa juani mwezi mzima.*

Oili iliyofungiwa ndani imepanuka kwa joto. Usipige kapla. Ifunike turubai na kitambaa kilicholowa, au jaribu alfajiri ikiwa imepoa. Ndiyo sababu nilisema kivuli.

*Mwanachama, Kasese: Mpira unatoa unyevu kidogo. Nilipapasa kwa mkono sikuona tundu.*

Dada, tafadhali usirudie kupapasa. Gurudumu la gari dogo lina kama 30 psi (kipimo cha presha). Haidroliki ya trekta ndogo huwa kati ya 2,000 na 3,000. Oili inapita kwenye tundu usiloliona na kuingia chini ya ngozi. Pitisha kipande cha boksi, wewe ukiwa mbali. Mtu akidungwa, hata kama ni kidoti kisichouma, aende hospitali saa hiyo hiyo na amwambie daktari ni oili ya presha. Akingoja hadi kesho anaweza kupoteza kidole au mkono.

*Mwanachama, Gulu: Baada ya kuifungua, loda ikibeba mchanga nyuma inanyanyuka.*

Bekho ndiyo ilikuwa uzito wako wa nyuma. Funga uzito mwingine kwenye lifti kabla ya kubeba tena, na beba mzigo ukiwa karibu na ardhi.