Kukadiria Umbali kwa Alama za Darubini ya Bunduki

Katika darubini ya uwindaji yenye alama za mili (kipimo kidogo cha pembe), nafasi ya mili 1 hufunika sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100, na mita 1 kwenye umbali wa mita 1,000. Kwa hiyo, chukua kimo cha mnyama kwa mita, ukizidishe kwa 1,000, kisha ugawanye kwa idadi ya mili unazozisoma. Swala pala dume, ambaye kimo chake begani ni takribani mita 0.9, akichukua mili 6 kutoka kwato hadi bega, yuko mita 150.

Egemeza bunduki isitikisike, nawe usome hadi sehemu ya kumi ya mili, kwa kuwa ukisoma 5.5 badala ya 6, jibu litaruka hadi mita 164. Nyasi zinazoficha kwato huleta kosa hilohilo, na kwa maoni yangu ndizo zinazowapotosha wengi.

Ikiwa alama hazikui pamoja na picha unapozungusha pete ya kukuzia, hesabu hii ni sahihi katika kiwango kimoja tu cha ukuzaji, ambacho mara nyingi ni cha juu kabisa.