Namna ya kupima uthabiti wa hojaji ya maumivu ya shingo

Mwenzangu katika fani ya fiziotherapia, anayewahudumia wagonjwa wa shingo hapa Amu (Lamu), aliniomba nimsaidie kupima kama hojaji aliyoitafsiri inaweza kutegemewa. Nilikubali kwa sababu kazi hiyo niliwahi kuifanya mwenyewe, na hatua yake moja ilinigharimu siku nyingi. Uthabiti ninaouzungumzia ni huu: mgonjwa ambaye hali ya shingo yake haijabadilika, akijaza hojaji leo na kuijaza tena baada ya siku kadhaa, anapaswa kupata alama zilezile au zinazokaribiana sana. Hojaji isiyokuwa na sifa hiyo haiwezi kumwambia tabibu kama mgonjwa amepata nafuu, hata ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Hatua ya 1: Hojaji na vibali

Tulitumia hojaji inayojulikana kwa herufi NDI (Neck Disability Index), inayopima jinsi maumivu ya shingo yanavyomzuia mtu katika shughuli zake, iliyochapishwa mwaka 1991 na Howard Vernon na Silvano Mior wa Toronto, nchini Kanada. Ina vipengele 10, kila kimoja kikiwa na majibu sita yanayopewa alama 0 hadi 5, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 50. Pata ruhusa ya wenye haki ya hojaji, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa leseni za utafiti nchini Kenya, kabla ya kumwendea mgonjwa wa kwanza. Tafsiri ifanywe na watu wawili wasioshauriana, kisha irudishwe katika lugha ya asili na mtu mwingine ambaye hajaiona hojaji yenyewe.

Hatua ya 2: Vipengele visomwe na watu wa hapa

Keti na wagonjwa wachache, mmoja mmoja, na umwombe kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyokifahamu kila kipengele. Wengi wa hapa wanaposema kikosi wanakusudia sehemu ya nyuma ya shingo, na wanaposema shingo peke yake hufikiria pia upande wa koo. Tuliongeza mchoro mdogo wa mtu aliyegeuka nyuma, sehemu inayohusika ikiwa imetiwa kivuli, na maswali mengi yakakoma. Watu wazima wa mjini husema kitwa badala ya kichwa, lakini karatasi tuliiacha na Kiswahili sanifu kwa kuwa wote waliielewa.

Kipengele cha nane, kinachouliza kuhusu kuendesha gari, ndicho kilicholeta mashauri marefu. Katika mji wa Amu watu hutembea kwa miguu, mizigo hubebwa na punda, na safari za mbali ni za mashua. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani hana jibu la kweli la kutoa hapo. Kuna wanaoshauri kuandika punda au mashua mahali pa gari. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu kufanya hivyo ni kutengeneza hojaji mpya inayohitaji kuthibitishwa upya. Mruhusu mgonjwa akiache wazi, kisha hesabu asilimia: zidisha idadi ya vipengele alivyojibu kwa 5, jumla ya alama zake igawanywe kwa namba hiyo, halafu jibu lizidishwe kwa 100. Aliyepata alama 18 katika vipengele tisa ana asilimia 40. Usimwandikie sifuri penye pengo, kwa maana sifuri ina maana kwamba anaendesha bila taabu yoyote. Aliyekiacha kipengele mara ya kwanza akiache pia mara ya pili.

Hatua ya 3: Wajazaji

Idadi ya chini ninayoikubali ni watu 50, na 100 ni bora zaidi. Chagua walioumwa kwa zaidi ya miezi mitatu, kwa kuwa maumivu mapya hubadilika upesi. Changanya pia viwango vya maumivu: wapagazi wa gatini, wachonga milango, washona kofia wanaoinamia sindano mchana kutwa, na watu wa ofisini. Ukikusanya wenye maumivu madogo pekee, kipimo cha uthabiti kitashuka hata kama majibu yao yanakaribiana, kwa sababu kipimo hicho hulinganisha kosa na tofauti iliyopo baina ya mtu na mtu.

Hatua ya 4: Mjazo wa pili

Hapa ndipo nilipokwama nilipoifanya kazi hii peke yangu. Kipimo kilitoka duni sana, nami nikadhani nimekosea hesabu, nikazirudia usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, nikibadilisha fomula moja baada ya nyingine. Usiku wa nne niliziacha hesabu na kuzitandaza karatasi zenyewe mkekani, ya kwanza na ya pili ya kila mtu bega kwa bega. Karatasi ya kwanza ya fundi mmoja wa milango ilikuwa na alama za vema zilizotetereka, za kalamu ya wino mweusi. Ya pili ilikuwa na alama zilizonyooka, za wino wa buluu. Asubuhi nilimfuata karakanani nikamuuliza kwa adabu kama aliijaza mwenyewe.

“Mwanangu, ile ya pili nilimpa mjukuu wangu,” alinijibu. “Yeye anajua ninavyoumwa.”

Hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwani nilizigawa karatasi za pili zipelekwe majumbani bila kusema ni nani ajaze, saa ngapi, wala baada ya kazi gani. Baadhi ya wapagazi walikuwa wamejaza ya kwanza asubuhi kabla ya kubeba chochote, na ya pili jioni baada ya kushusha shehena ya saruji. Tangu hapo ninashikilia masharti yafuatayo, na sipendi yalegezwe.

Muda kati ya mijazo miwili uwe wa siku saba hadi kumi na nne. Ukiufupisha kuwa siku moja au mbili, mgonjwa atakumbuka alichojibu, na utakuwa umepima kumbukumbu yake. Ukiurefusha, shingo yenyewe itakuwa imebadilika. Mjazo wa pili ufanyike mahali palepale, saa ileile, kwa karatasi ya aina ileile. Mimi napendelea karatasi kuliko simu, kwa kuwa kwenye simu mwanga, ukubwa wa maandishi na mtoto anayeomba kuichezea hubadilika siku hadi siku. Asiyejua kusoma asomewe mara zote mbili na mtu yuleyule, ambaye asiwe jamaa yake wala tabibu wake, kwani mgonjwa humwonea haya tabibu wake na kumwambia kwamba amepata nafuu.

Angalia pia kalenda. Mjazo mmoja ukiangukia ndani ya Ramadhani na mwingine nje yake, kipengele cha usingizi kitayumba kwa sababu ya daku, na shingo haitakuwa imehusika. Wiki ya Maulidi mji hujaa wageni na watu hukesha, kwa hiyo iruke. Kwa wavuvi, usiuweke mjazo mmoja kabla ya kusi kuanza kuvuma na mwingine baada yake, kwa maana kazi yao baharini hubadilika.

Katika muda huo mgonjwa asianze dawa mpya wala matibabu mapya, na umuulize wazi kama amekwenda kukandwa, kwa sababu wengi hawahesabu kukandwa kuwa ni tiba. Wagonjwa walio katikati ya matibabu uliyowapangia usiwaingize kabisa. Kuwasimamishia tiba kwa ajili ya utafiti wako si haki.

Mwisho, baada ya kukusanya karatasi ya pili, na kamwe si kabla yake, uliza swali moja: “Tangu ulipojaza mara ya kwanza, shingo yako imezidi, iko vilevile, au imepungua?” Ukiliuliza mapema, jibu lake litamwongoza anapojaza. Wanaosema iko vilevile ndio wanaoingia katika hesabu ya uthabiti. Waliobadilika watenge na utaje idadi yao katika ripoti.

Hatua ya 5: Alfa ya Cronbach

Hii hutumia mjazo wa kwanza pekee na huonyesha kama vipengele vinakwenda pamoja. Kati ya 0.70 na 0.95 inatosha. Haichukui nafasi ya mjazo wa pili.

Hatua ya 6: ICC

ICC ni kipimo cha jinsi alama za mijazo miwili zinavyokubaliana. Usitumie badala yake uwiano wa Pearson, ambao huonyesha tu kama alama hizo hupanda na kushuka pamoja. Alama za kila mtu zikishuka kwa tano katika mjazo wa pili, Pearson itakupa 1 kamili na kukwambia mambo ni sawa. Tumia ICC ya makubaliano kamili, ambayo huihesabu tofauti kama hiyo. Katika R, programu ya takwimu ambayo haina malipo, kifurushi cha psych hutoa ICC za aina sita. Chukua mstari wa ICC2, usichukue ICC2k, ambayo ni ya wastani wa mijazo na kwa kawaida huonekana kubwa zaidi. Kwa viwango vya Koo na Li vya mwaka 2016, chini ya 0.50 ni duni, 0.50 hadi 0.75 ni wastani, 0.75 hadi 0.90 ni nzuri, na zaidi ya hapo ni bora sana. Pima kwa ncha ya chini ya masafa ya asilimia 95, yaani namba ya chini kati ya mbili ambazo programu huzitoa kuonyesha ICC ya kweli inaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Chora pia grafu ya Bland na Altman, inayoonyesha tofauti ya mijazo miwili ya kila mtu dhidi ya wastani wake, uone kama tofauti zimeegemea upande mmoja.

Hatua ya 7: Kosa la kipimo

Toa ICC katika 1, tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha ukizidishe kwa mkengeuko sanifu wa alama, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zilivyotawanyika. Tuseme mkengeuko ni alama 8 na ICC ni 0.85: kosa la kipimo ni alama 3.1. Lizidishe kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, upate takriban 8.6, ambayo ndiyo badiliko dogo kabisa linalozidi kosa la kipimo. Kwa hojaji hiyo, mgonjwa aliyeshuka kutoka 22 hadi 16 huwezi kusema kwa uhakika kwamba amepata nafuu, kwani alama sita zinaweza kuwa kosa la kipimo tupu; aliyeshuka kutoka 22 hadi 12 unaweza. Mwenzangu ameiandika namba aliyoipata yeye kwenye jalada la daftari lake la wagonjwa, chini yake akaandika tarehe na idadi ya waliojaza mara zote mbili.