Kugawa kazi ya kuskani chaneli kati ya redio kadhaa ndani ya draiva ya Wi-Fi

Kadi yenye redio tatu, za 2.4, 5 na 6 GHz, inapojitambulisha kwa Linux kama kifaa kimoja, mac80211 (sehemu ya kiini cha Linux inayosimamia Wi-Fi) hutuma ombi la kuskani kupitia `hw_scan`, kazi iliyo ndani ya draiva yako, na kusubiri jibu moja. Washa kwanza bendera ya `SINGLE_SCAN_ON_ALL_BANDS`, la sivyo ombi litakuja bendi baada ya bendi na redio zako zitapokezana badala ya kuskani kwa pamoja.

Gawa orodha ya chaneli kwa masafa, kamwe si kwa namba: chaneli 1 ipo 2412 MHz, na ipo tena 5955 MHz. Kila redio ipewe nakala yake. Ombi la asili si mali ya draiva. Likishatangazwa kukamilika, kumbukumbu yake huachiliwa, na redio iliyochelewa itasoma takataka. Redio isiyo na chaneli hata moja kwenye ombi usiiguse.

Sasa kaunta, yaani hesabu ya redio ambazo bado hazijamaliza, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pote. Hesabu redio zitakazoskani, weka idadi hiyo kwenye kaunta, ndipo utume amri ya kwanza. Ukiongeza moja moja kadiri unavyotuma, redio ya 2.4 GHz inaweza kumaliza kabla ya 6 GHz kuanza. Kaunta inarudi sifuri, `ieee80211_scan_completed`, inayoitangazia mac80211 kwamba kuskani kumekamilika, inaitwa mapema, kisha inaitwa tena. Ilinde kaunta kwa kufuli, na atakayeifikisha sifuri ndiye pekee atangaze. Redio yoyote ikikatishwa, jibu zima libebe alama ya `aborted` (imekatishwa).

Amri zote zikikataliwa, rudisha kosa kutoka `hw_scan` bila kutangaza chochote. Ikikataa moja tu huku nyingine ziko kazini, ihesabu kama iliyokatishwa, upunguze kaunta.

Kila redio iwe na kipima muda chake. Bikoni, yaani ishara ambayo kituo cha Wi-Fi hutoa kujitangaza, kwa kawaida hutoka kila milisekunde 102.4, hivyo chaneli ya kusikiliza tu huhitaji takriban 110. Ile ya kuulizia, ambako redio hutuma ombi na kungoja majibu, hutosheka na 30. Kwa 5 GHz yenye chaneli 9 za kuulizia na 16 za rada, ambazo ni za kusikiliza tu, hiyo ni milisekunde 270 + 1760, yaani kama sekunde 2. Weka kipima muda mara mbili ya hapo, na uongeze muda wa kurejea chaneli ya kazi ikiwa redio inahudumia wateja.

Kupima, acha `iw event -t` ikiendelea, kisha endesha `iw dev wlan0 scan`. Kila "scan started" ifuatwe na "scan finished" moja tu. Halafu zima kiolesura katikati ya kuskani, ukiwashe, uskani tena. Ukipata kosa la -16 (kifaa kina shughuli), tazama `cancel_hw_scan`, kazi ya draiva ya kukatisha kuskani: huenda imesimamisha redio moja na kuziacha nyingine zikiendelea.