Namna ya Kufuatilia Asili ya Mkosi au Hirizi

Nilivunja kioo nikiwa na miaka tisa. Shangazi akaniambia nimejiletea mkosi wa miaka saba, nami nikaihesabu yote, mwaka baada ya mwaka, hadi nikatimiza kumi na sita. Hofu ile ndiyo iliyonifanya nitake kujua mambo haya hutoka wapi. Njia ninayoifuata ni hii.

Anza na neno, hadithi baadaye. Hirizi ni neno la Kiarabu, hirz, maana yake kinga. Basi jina lenyewe linakwambia kazi yake ni kuzuia shari, wala si kuvuta bahati. Au chukua ile shanga ya kioo ya Waturuki, nazar. Iweke kiganjani uitazame: buluu iliyoiva pembeni, duara jeupe ndani yake, kisha buluu ya anga, na nukta nyeusi katikati. Nazar ni kutazama, mzizi uleule wa nadhari yetu. Mwenye kijicho akikukodolea, anakutana na jicho lisilopepesa.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni ndege. Tunasema fulani ana ndege njema, au safari imeingia ndege mbaya. Warumi nao walikuwa na maaguri, makuhani waliotazama ndege angani kabla ya jambo kubwa la dola, na ishara yenyewe wakaiita auspicium, yaani kutazama ndege. Nilipokutana na hilo niliacha kusoma kwa siku nzima nikiliwaza.

Kisha tamka kwa sauti. Namba nyingi za nuksi siri yake iko sikioni au katika maandishi. Nne kwa Kichina na Kijapani hutamkwa karibu sawa na kifo. Waitalia huchukia 17 kwa sababu namba hiyo kwa Kirumi, XVII, ukiipanga upya inakuwa VIXI, Kilatini cha "nimeishi", yaani nimekwisha.

Hadithi yenye tarehe moja safi ichunguze sana. Utaambiwa Ijumaa ya tarehe 13 inaogopwa kwa sababu mashujaa wa Hekalu, yaani shirika la wapiganaji Wakristo, walikamatwa Ufaransa tarehe 13 Oktoba 1307. Walikamatwa kweli, na ilikuwa Ijumaa. Lakini maandishi ya watu kuiogopa siku hiyo yanaanza kuonekana karne ya 19, miaka zaidi ya 500 baadaye. Tena Wahispania na Wagiriki huogopa Jumanne ya tarehe 13. Tukio la Ufaransa litaielezaje hiyo?

Uliza pia kitu kilikuwa na thamani gani, au kilileta hatari gani. Chumvi kumwagika ilikuwa hasara kubwa zamani. Leonardo da Vinci, katika mchoro wake wa Karamu ya Mwisho, alimchora Yuda akiangusha kidau cha chumvi kwa mkono. Kupita chini ya ngazi hakuhitaji maelezo marefu: aliye juu anaweza kukuangushia nyundo.

Na usimcheke anayeamini. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alieleza jaribio la njiwa wanane waliopewa chakula kwa vipindi maalumu, wafanye wasifanye lolote. Sita wakashika mtindo: mmoja akazunguka, mwingine akasukuma kichwa kwenye kona, kana kwamba hilo ndilo lililoleta chakula. Akili hushika kilichotangulia neema, ikakirudia. Sisi pia.

Mwisho, nenda kwa aliyekuambia. Usimuulize kama anaamini, maana atajihami. Muulize kitu hicho kilitoka kwa nani. Nilipomuuliza shangazi hivyo, miaka mingi baadaye, hakutaja mkosi hata mara moja. Aliniambia kioo nilichovunja kilikuwa cha mama yake, cha pekee nyumbani kwao alipokuwa msichana, na kwamba kila asubuhi watu tisa walijitazama humo kwa zamu.