SOMO: Umepata makala laki moja PubMed, sasa unafanyaje?

Wanafunzi wa uzamili wakianza kusukumwa na wasimamizi, inboksi yangu hujaa swali moja kuhusu PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za afya: "Kaka, nimeandika malaria PubMed zimekuja zaidi ya laki moja, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamrushia huu uzi.

Mfano ni wa tasnifu yangu: SP (dawa ya sulfadoxine-pyrimethamine) ya kuzuia malaria kwa wajawazito.

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. Likikataa kuenea, una maswali mawili.

2. Tengeneza maneno ya kutafutia. Majina ya kitu kimoja yaunge kwa OR, vitu tofauti kwa AND, herufi kubwa, kila kundi ndani ya mabano yake. Tumia lebo za MeSH (majina rasmi ya mada wanayobandikiwa makala) pamoja na maneno ya kawaida. Kuna wanaoandika sulfadoxine na wanaoandika sulphadoxine. Weka zote mbili.

3. Weka ukomo wa mwaka, ila uwe na sababu. Mimi nilianzia 2012 kwa kuwa ndipo WHO ilipobadili mwongozo: SP kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, dozi zikipishana angalau mwezi. "Nimechoka kusoma" si sababu.

4. USIPAKUE PDF HATA MOJA. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa napakua kila kilichonivutia. Wiki ya tatu folda ilikuwa na mafaili 214, mengi yakianza na "1-s2.0-S" na kuishia "main (3)". Msimamizi akaniuliza: ulipata ngapi, ukatoa ngapi, kwa nini? Nikabaki naangalia meza. Mchoro wa PRISMA (unaoonyesha makala ulizopata, ulizotoa na ulizobakiza) unazidai namba hizo zote, hadi idadi ya zilizojirudia. Na ukisema urudie kutafuta, PubMed huongezewa makala kila siku, kwa hiyo namba ya leo si ya mwezi uliopita. Nilianza upya, miezi miwili ikaenda.

Kwa hiyo fungua Excel, au hata daftari: tarehe, umetafuta wapi, maneno yote uliyotumia bila kufupisha, idadi iliyokuja. Kisha hamishia orodha (siyo PDF) kwenye Zotero (programu ya kutunza marejeo) na uunganishe zilizojirudia.
Onyo: hesabu zilizojirudia KABLA ya kuziunganisha.
Onyo la pili: usiziache makala kwenye Clipboard ya PubMed (pa kuziweka kwa muda) ukaenda kulala. Zisipoguswa kwa masaa 8 zinafutika.

5. Chuja kwa kichwa na muhtasari: ndiyo, hapana, labda. "Labda" zikizidi "ndiyo", rudi namba 1.

6. Sasa pakua.

7. Hifadhi utafutaji wako My NCBI (akaunti yako ya PubMed), makala mpya zikufuate kwa barua pepe.

MASWALI

— Mkuu naomba unirushie hizo PDF zako za SP.
Namba 4.

— Nimefuata hatua zote, zimekuja zaidi ya laki tano. Somo lako halifanyi kazi.
Bandika ulichoandika.
— malaria AND pregnant OR pregnancy
Mabano yako wapi? PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Imekuchukulia malaria kwa wajawazito, halafu ikakuongezea mimba za dunia nzima. Somo linafanya kazi.

— Samahani kaka, kwa nini MeSH na maneno ya kawaida kwa pamoja? Nilidhani MeSH inatosha.
Swali zuri dada. MeSH ni lebo inayobandikwa baada ya makala kuingia. Ya juzi inaweza kuwa bado haijabandikwa, na zipo zilizomo PubMed lakini hazimo MEDLINE (sehemu yake ya majarida yaliyochaguliwa), hizo hazipati lebo kabisa. Jaribu hivi: tafuta kwa maneno peke yake, kisha ondoa za MeSH kwa NOT. Soma vichwa ishirini vya zilizobaki. Utaona ulichokuwa unakikosa, na utaokota maneno ambayo hukuyafikiria. Ukikwama niandikie, tutazame pamoja.

— Makala ninayoitaka inadai dola. Nifanyeje?
Uko Tanzania? Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia makala za kulipia, ni bure kwa vyuo vyetu. Neno la siri analo mkutubi. Nilikaa chuoni mwaka mzima bila kumsalimia yule mama.

— Zotero inasema imejaa.
Bure ni MB 300 za mafaili. Zima usawazishaji wa mafaili, taarifa za makala zenyewe hazina kikomo. Ukiwa humo, angalia kama kuna makala yenye alama nyekundu: hiyo imeshaondolewa na jarida lake.

— Duh. Ninayo moja, na nimeinukuu sura ya pili.
Itoe leo. Halafu angalia nani mwingine kwenye orodha yako ameinukuu.