Kuhamishia Seva za Idara kwenye Mashine Pepe, Hatua kwa Hatua

Idara nyingi za TEHAMA, ziwe za ofisi au za shule, zina seva kadhaa ambazo kila moja hufanya kazi moja tu, na muda mwingi prosesa zake hazina la kufanya. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzikusanya katika kompyuta moja, kila seva ikiwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa kwa programu, kwa kutumia Proxmox VE, mfumo huria uliojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na KVM, teknolojia ya kuendesha mashine pepe iliyoingizwa katika Linux mwaka 2007.

Hatua ya 1. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na uwashe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, unaoitwa VT-x kwa prosesa za Intel, au SVM kwa za AMD. Mara nyingi huwa umezimwa.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya RAM kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu prosesa moja inaweza kuhudumia mashine pepe nyingi kwa zamu, ilhali RAM ikishatumiwa na mashine moja haipatikani kwa nyingine. Ukiwa na gigabaiti 64, ziachie 8 kompyuta mwenyeji, yaani ile inayobeba mashine pepe zote, gawa takriban 32 kwa seva zilizopo, na zinazosalia ziwe akiba ya majaribio. Anayezigawa zote siku ya kwanza hujuta.

Hatua ya 3. Sakinisha Proxmox kutoka kwenye flashi, ukikumbuka kwamba usakinishaji hufuta diski utakayoichagua. Ipe mashine anwani ya IP isiyobadilika, kisha uifungue kwa kivinjari kupitia https na poti 8006.

Hatua ya 4. Pakia faili la ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia mfumo endeshi, na uunde mashine pepe ya kwanza. Kwa Windows, ukichagua diski ya VirtIO, aina iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, ambayo ndiyo yenye kasi, ambatisha pia ISO ya viendeshi vyake, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuitambua, la sivyo kisakinishi kitasema hakuna diski.

Hatua ya 5. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi zaidi, maana sasa kompyuta moja ikiharibika, huduma zote huanguka pamoja. Picha ya hali (snapshot), ile inayokuwezesha kurudi nyuma baada ya sasisho baya, si nakala rudufu, kwani hukaa kwenye hifadhi ileile ya mashine yenyewe. Panga nakala za kila usiku ziende kwenye kifaa kingine, halafu urejeshe mojawapo kama mashine pepe yenye namba mpya, huku ukiwa umetenganisha kadi yake ya mtandao ili seva mbili zenye anwani moja zisigongane. Mimi siihesabu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa.

Hatua ya 6. Hamisha seva moja moja, ukianza na ile ambayo watu wanaweza kuvumilia ikikosekana kwa saa chache. Seva ya zamani izime bila kuifuta, hadi kazi za mwisho wa mwezi, au za mwisho wa muhula kwa shule, zitakapokamilika kwenye ile mpya.